Katuni za zamani kama kitega uchumi: tathmini yangu tangu 2008

Sanduku langu lilikuwa na vitabu vya katuni kumi na vinne. Cha kwanza nilikinunua 2008, cha mwisho 2016. Mwaka 2025 niliuza vitatu, na mtoto wa kaka yangu aliponiona nahesabu fedha akaniuliza, "Shangazi, na mimi niweke akiba yangu humo?" Ameanza kazi juzi tu, na hakuwa akitania. Nilimwomba anipe muda nimjibu kwa maandishi, kwa sababu jibu la ndiyo au hapana lingekuwa kumdanganya.

Kazi yangu ni kujalidi vitabu. Karatasi naijua kwa kidole na kwa pua: nikifungua kitabu naweza kukwambia kama kilikaa pakavu au kilipata unyevu. Niliamini ujuzi huo ungenitosha katika biashara hii. Umenisaidia upande mmoja, na upande mwingine nusura uniharibie kitabu changu bora kuliko vyote.

Nianze na bei za minadani, kwa kuwa ndizo zinazowavuta watu. Ni za kweli. Action Comics namba 1, la Juni 1938, ambamo Superman alitokea kwa mara ya kwanza, liliuzwa senti 10. Nakala ya daraja la 8.5, yaani alama ya hali ya kitabu ambayo mwisho wake ni 10, ilinunuliwa kwa dola milioni 1.5 mwaka 2010. Nakala ya daraja hilohilo ilifika milioni 3.25 mwaka 2021, na nyingine milioni 6 Aprili 2024. Amazing Fantasy namba 15, la Agosti 1962, alikozaliwa Spider-Man, liliuzwa milioni 1.1 mwaka 2011 likiwa daraja la 9.6, na Septemba 2021 nakala ya daraja hilo ikauzwa milioni 3.6.

Sasa chukua kikokotoo. Kutoka 1.5 hadi 6 kwa miaka 14 ni ongezeko la asilimia 10 hivi kwa mwaka. Kutoka 1.1 hadi 3.6 kwa miaka kumi na nusu ni karibu asilimia 12. Ni faida nzuri sana, na hivyo ndivyo vitabu vinavyotafutwa kuliko vyote duniani. Kumbuka pia kwamba bei inayotangazwa huwa imejumlisha ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni kama asilimia 20 juu ya bei iliyogongewa nyundo. Ile milioni 3.6 kwa muuzaji ni kama milioni 3, naye huenda akakatwa kamisheni yake. Hapo asilimia 12 imeshashuka hadi 10, na bado hatujataja bima, usafirishaji, wala kodi. Nchini Marekani faida ya vitu vya kukusanya, hata ukivishika miaka mingi, inaweza kutozwa hadi asilimia 28, kiwango cha juu kuliko cha hisa.

Na katika miaka yote hiyo kitabu hakizai. Shamba lina mavuno, nyumba ina kodi ya pango, hisa zina gawio. Kitabu kimelala tu sandukuni, na kila mwaka unakitunza kwa gharama yako.

Kwa nini basi vingine vinapanda namna hiyo? Jambo hili lilinichukua miaka kulielewa, na ndilo ninalotaka mwanangu alishike kwanza: vilipanda kwa sababu vilitupwa. Vilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, vikasomwa na watoto, vikakunjwa mfukoni, vikaazimwa mpaka vikachanika. Wakati wa vita vya pili vya dunia Wamarekani walikusanya karatasi chakavu kwa ajili ya vita, na katuni zikaenda humo kwa marundo. Baada ya vita ikaja hofu kwamba katuni zinaharibu watoto. Kuna miji walikozichoma hadharani, na 1954 Baraza la Seneti likafanya vikao juu yake. Kilichosalia ni kile ambacho mtu alikisahau mahali pakavu. Novemba 2025 nakala ya Superman namba 1, ya 1939, iliuzwa dola milioni 9.12. Ndugu wa familia moja waliikuta kwenye dari la nyumba ya marehemu mama yao huko California. Huko darini hapakuwa na mpango wowote wa uwekezaji.

Geuza upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila mtu alikuwa ameshasikia habari za katuni za mamilioni, na walanguzi wakaingia kwa kishindo. X-Men namba 1 ya 1991 ilitolewa na majalada matano tofauti, zikauzwa zaidi ya nakala milioni 8. Mwaka uliofuata Superman akauawa katika namba 75, iliyouzwa pia ndani ya mfuko mweusi uliofungwa, na watu wakainunua kwa katoni bila kuufungua. Wote walizihifadhi vizuri. Ndiyo maana leo zimejaa, safi kama zimetoka kiwandani jana, na anayezitaka anazipata kwa bei ya chakula cha mchana. Soko lilianguka baadaye ndani ya muongo huohuo, maduka mengi yakafungwa, na Desemba 1996 Marvel yenyewe, kampuni inayochapa Spider-Man na X-Men, ikaomba ulinzi wa kufilisika. Mimi nilinunua majalada yote matano ya X-Men na mfuko mmoja mweusi, mwaka 2010, nikiamini kwamba miaka ishirini ilikuwa imetosha kuzipa thamani. Hazijasogea.

Umri peke yake haufanyi kitu. Nina vitabu viwili vya Walt Disney's Comics and Stories vya mwanzoni mwa miaka ya 1950, vikubwa kwangu kwa umri. Katika miaka hiyo jarida hilo lilikuwa likiuza zaidi ya nakala milioni 3 kwa mwezi, na watoto waliolipenda sasa ni wazee sana au hawapo tena. Michoro yake ni mizuri ajabu. Wanunuzi ni wachache.

Nije kwenye kosa lililoniuma. Mwaka 2009 nilinunua kwa njia ya posta The Incredible Hulk namba 181, la Novemba 1974, toleo la kwanza ambalo mhusika Wolverine anaonekana kikamilifu. Ndicho kitabu nilichokilipia fedha nyingi kuliko vyote. Muuzaji aliandika kwamba kimekamilika. Jalada lilikuwa linang'aa, mgongo umenyooka, pini hazina kutu. Nilikitia kwenye mfuko siku hiyohiyo nikaogopa kukifungua tena, kwa heshima. Miaka saba baadaye nilikituma kwa huduma ya kupanga madaraja, wale wanaokagua kitabu, wanakipa alama kati ya 0.5 na 10, kisha wanakifunga ndani ya kasha gumu la plastiki. Kilirudi kimechelewa miezi miwili kuliko nilivyoahidiwa, na juu yake kina lebo ya kijani. Lebo hiyo maana yake kuna kasoro kubwa inayotajwa pembeni. Stempu ilikuwa imekatwa.

Asiyejua ataona ni jambo dogo, basi nilieleze. Mwaka 1974 Marvel walianza kuchapa ndani ya vitabu vyao stempu za kukata, kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na kuwahimiza watoto wazikusanye. Watoto wakachukua mikasi. Stempu ni ndogo tu, na ukisoma hadithi ya Hulk mwanzo hadi mwisho hutakosa hata picha moja. Lakini nakala isiyo na stempu inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya nakala kamili yenye sura ileile. Muuzaji wangu hakujibu barua zangu, na muda wa kudai ulikuwa umekwisha kitambo. Tangu hapo kitabu kikifika mkononi mwangu nahesabu kurasa moja moja, naangalia ukurasa wa barua, napima urefu na upana kwa rula, naangalia kama kingo zimepunguzwa, na naviangalia vitundu vya pini kama vinalingana na pini zilizomo. Kupima kwa rula si utani: mwaka 1974 DC, wachapishaji wa Superman, walitoa tena Action Comics namba 1 kwa umbo kubwa, na jalada lake la nje likiondolewa, cha ndani kinafanana sana na cha 1938. Cha asili ni kidogo zaidi, na rula inakwambia mara moja.

Mahali ambapo ujalidi wangu nusura uniponze ni hapa. Kitabu changu bora ni Amazing Spider-Man namba 129, la Februari 1974, toleo la kwanza lenye mhusika Punisher. Mgongo wake ulikuwa na mpasuko mfupi chini, na kona ilikuwa imepoteza rangi. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya nusu saa: gundi ya wanga, karatasi laini ya Kijapani, tone la rangi. Ndivyo nilivyofundishwa, kwamba kitabu kilichochanika kinaomba kushonwa. Nilikuwa nimeshachanganya gundi. Mwenzangu mmoja mkusanyaji akanipigia simu kwa jambo jingine kabisa, nikamtajia ninachofanya, akaniambia, "Dada, weka brashi chini." Katika soko hili rangi iliyoongezwa ni kitabu kilichoguswa, kinapewa lebo ya zambarau, na bei inaweza kuanguka chini ya ile ya kitabu kilichochakaa zaidi lakini hakijaguswa. Nilikiacha na mpasuko wake. Mpaka leo nikikumbuka naona ni jambo gumu kwa fundi kulikubali, lakini wanunuzi wanalipia uasilia, nami ninaheshimu hilo.

Ambacho fundi anaruhusiwa kufanya ni kuzuia. Karatasi ya gazeti ina lignini, na asidi inayojitengeneza ndani yake ndiyo inayoigeuza njano kisha kahawia mpaka inakatika kama jani kavu. Mifuko ya bei rahisi inachoka baada ya miaka michache. Tumia ya Mylar, plastiki angavu isiyochoka upesi, na nyuma ya kitabu weka kadi isiyo na asidi iliyotiwa kalisi kaboneti. Kitabu kisimame wima, gizani, mahali pakavu na pasipo joto. Mwanga hula rangi, unyevu hula pini. Usiguse utepe wa gundi kamwe.

Nililiuza hilo la Spider-Man kwa karibu mara nne ya nilichotoa 2008. Baada ya ada zote zikabaki mara tatu na kidogo, yaani kama asilimia 7 kwa mwaka. Ningeliuza 2021 ningepata zaidi sana, kwa sababu wakati wa korona watu walikaa nyumbani wakanunua kwa pupa, bei zikaruka, kisha kuanzia 2022 nyingi zikashuka. Wapo walionunua kilele kile na bado wanasubiri. Vitabu vitatu nilivyouza vimerudisha fedha yote iliyoingia sandukuni na ziada ya wastani. Kumi na kimoja vilivyobaki havijafanya kazi yoyote ya kifedha.

Kama kitega uchumi, basi, nazipa nyota tatu kati ya tano, na hizo tatu ni kwa mtu mwenye subira ya miaka kumi na kuendelea, asiyehitaji fedha hiyo ghafla. Mwanangu, akiba yako ya dharura isiguse huku. Ukishakuwa na ziada, nunua kitabu kimoja badala ya kumi. Kiwe cha kabla ya miaka ya 1980, chenye tukio ambalo hata asiyekusanya analijua, na ukilazimika kuchagua, chukua daraja la 4.0 lililokamilika kuliko jalada zuri lenye tundu ndani. Kabla ya kulipa nitumie picha za kila ukurasa, wa barua kwanza.

Hulk wangu nimemtoa kwenye kasha. Yuko mezani karibu na dirisha la kaskazini, mbali na jua, na kila anayekuja namruhusu amsome, mikono ikiwa safi. X-Men na mfuko mweusi nimekuwekea wewe. Ule mfuko ufungue.