Swiss Travel Pass na watoto watatu: uzoefu wangu wa Uswisi

Nianze na jibu, maana najua wengine mtaishia aya hii. Kama unakwenda Uswisi na watoto wa umri wa shule, na mtalala zaidi ya mji mmoja, nunua Swiss Travel Pass, pasi moja ya usafiri wa nchi nzima, na uombe Family Card, kadi ya bure ya watoto, palepale unapolipia. Kama mtatulia kijiji kimoja wiki nzima mkila upepo wa milimani, pasi hii itawatia hasara. Cha kununua badala yake nitakitaja mbele.

Msafara wetu ulikuwa mimi, baba watoto, mama mkwe, binti wa sekondari, kijana wa darasa la tatu na kitindamimba ambaye bado yuko chekechea. Tulitoka Dar likizo ya Juni. Aliyechagua Uswisi ni mama mkwe. Alisema anataka kuiona theluji kwa macho yake lakini hataki kuikanyaga, na sijui nchi nyingine iliyopeleka reli mpaka vileleni kwa ajili ya watu wa aina hiyo.

Sasa pasi yenyewe. Ni ya wageni tu, mkazi wa Uswisi haiuziwi. Ipo ya siku 3, 4, 6, 8 au 15 zinazofuatana, na kila mtu mzima ana yake. Ukishakuwa nayo unapanda treni, mabasi ya njano ya posta, meli za ziwani na usafiri wa ndani wa miji zaidi ya 90 bila kukata tiketi nyingine, na makumbusho zaidi ya 500 unaingia bure. Bei inauma, sikufichi: hata ile ya siku 3 daraja la pili inapita faranga 200 kwa mtu mzima mmoja. Lakini tazama upande wa watoto. Walio chini ya miaka 6 hawalipi kitu. Kuanzia miaka 6 mpaka kabla ya kutimiza 16, mtoto aliyefuatana na mzazi mwenye pasi anasafiri bure kwa Family Card, na kadi hiyo haina malipo. Ila haiji yenyewe, unaiomba wakati wa kununua. Kwa hiyo tulikuwa watu sita, tukalipia watatu. Kanuni inasema mzazi, basi usimwachie bibi wajukuu wapande treni peke yao naye ukidhani kadi itawabeba.

Pasi inakuja kwa barua pepe ikiwa na alama ya QR na jina lako, na konda ana haki ya kuomba pasipoti, kwa hiyo usiizike chini kabisa ya begi. Siku ya kwanza, tukitoka uwanja wa ndege wa Zürich kwenda Lucerne (stesheni iko chini ya uwanja wenyewe, unashuka tu na mabegi yako), konda alipofika kwetu kitindamimba alimwamkia "Shikamoo!" kwa sauti ya darasani. Yule baba hakuelewa neno, lakini alijua ameamkiwa. Alitikisa kichwa kwa heshima zote, akajibu "Grüezi" na kuendelea na kazi yake. Kuanzia hapo kila konda aliamkiwa.

Faida ambayo hesabu ya faranga haikuonyeshi ni hii: huna tena hofu ya kupoteza tiketi. Mdogo kapitiwa na usingizi na stesheni yenu imefika? Mwacheni alale, shukeni inayofuata, mtarudi. Mvua imeanza upande huu wa ziwa? Pandeni meli mwende upande wa pili. Mwenye watoto anajua jinsi ratiba iliyopangwa usiku inavyovunjika kabla ya saa nne asubuhi, na hapa ikivunjika hailipiwi. Treni ni nyingi, ukikosa moja nyingine haichelewi.

Kwenye treni ndefu za ghorofa mbili zinazounganisha miji mikubwa, tafuta behewa la familia. Juu kuna eneo la kuchezea lenye mteremko wa kuteleza, limepambwa kama msitu. Ndiyo, tumetoka nchi ya Serengeti tukaenda kuwaingiza watoto kwenye pori la plastiki, na hawakutaka kutoka. Programu ya simu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, inakuonyesha behewa hilo litasimama sehemu gani ya jukwaa, A, B, C au D. Kasimame hapo mapema, treni haisubiri mtu anayekunja kigari cha mtoto.

Siku iliyolipa kuliko zote ilikuwa ya Rigi. Mlima huu, pamoja na Stanserhorn na Stoos, umo ndani ya pasi mpaka kileleni, na watu wengi hawajui kwa sababu macho yao yote yako Jungfraujoch, ile stesheni maarufu ya juu milimani. Tulipanda meli Lucerne kwenda Vitznau, safari ya kama saa moja. Ziwa lile bado lina meli tano za mvuke zenye magurudumu ubavuni, na kama ratiba inakuruhusu chagua moja ya hizo, maana katikati ya meli kuna uwazi wenye kizuizi ambapo unachungulia injini chini: mikono mikubwa ya chuma inakwenda mbele na nyuma, shaba inang'aa, joto linakupiga usoni pamoja na harufu ya mafuta ya mashine. Kijana wangu wa darasa la tatu aliganda pale. Milima ilipita kushoto na kulia, hakuinua kichwa.

Vitznau unashuka gatini na treni nyekundu iko hapohapo. Ni reli ya meno: katikati ya reli mbili za kawaida kuna ya tatu yenye meno, na gurudumu la treni linayashika ili lisiteleze kwenye mwinuko. Ilifunguliwa mwaka 1871 na ndiyo reli ya kwanza ya kupanda mlima Ulaya. Inachukua kama nusu saa kufika Rigi Kulm, mita zipatazo 1,800. Kaeni upande wa kushoto au kulia, hakuna kugombania, maziwa yanaonekana kote. Kurudi tuliteremka kwa treni mpaka Kaltbad, kisha kwa gari la waya mpaka Weggis, kisha meli. Treni, waya na meli, vyote kwa alama moja ya QR. Jiandae tu na mteremko wa kutembea kutoka kituo cha waya cha Weggis mpaka gatini, wenye kigari cha mtoto shikeni vizuri.

Sasa kisichomo, na hapa ndipo watu hujikuta wanatoa pesa wasiyoipangia. Milima mingi mikubwa pasi inakupa punguzo tu. Pilatus na Gornergrat ni nusu bei. Jungfraujoch pasi inakufikisha Wengen au Grindelwald, na kuanzia hapo unapunguziwa asilimia 25. Treni za mandhari kama Glacier Express zimo, lakini kiti unalipia pembeni. Family Card nayo inakubalika kwenye njia nyingi za milimani, ila ulizia dirishani kabla ya kupanga foleni na watoto.

Kuhusu Jungfraujoch nina neno. Ni kazi kubwa ya binadamu, sibishi: reli iliyokamilika mwaka 1912, imetobolewa ndani ya milima Eiger na Mönch, na stesheni yake ya mita 3,454 ndiyo ya juu kuliko zote Ulaya. Bila punguzo mtu mzima analipa zaidi ya faranga 200 kwa siku za msimu. Kwa waliopanda Kilimanjaro, huo ni urefu wa kati ya Mandara na Horombo, tena unaufikia kwa saa chache umekaa kitini, mwili haujapata nafasi ya kuzoea. Wenye reli wenyewe hawashauri watoto wa chini ya miaka 2. Mimi na mtoto wa chekechea na bibi mwenye presha, niliona fedha hiyo ina kazi nyingine.

Tulikwenda Männlichen badala yake. Kutoka Lauterbrunnen treni inapanda mpaka Wengen, kijiji kisichoruhusu magari, na pasi inafika mpaka hapo. Kutoka Wengen gari la waya ni nusu bei. Juu, kwenye mita kama 2,200, kuna uwanja wa michezo wenye ng'ombe mkubwa wa mbao ambaye watoto wanaingia ndani yake, na mbele yao wamesimama Eiger, Mönch na Jungfrau wakiwa weupe. Mama mkwe alikaa kwenye benchi, kitenge juu ya jaketi, akaitazama theluji muda mrefu. "Ile pale, na mimi hapa. Imetosha, mwanangu." Binti na baba yake walishika njia ya miguu kwenda Kleine Scheidegg, kama kilomita nne na nusu za njia isiyo na taabu. (Na wale tunaobishana kila mwaka kuhusu magari ya waya Kilimanjaro, ningependa twende tukaone kwanza jinsi wenzetu wanavyoyaendesha, halafu tuendelee kubishana.)

Kabla ya kukata tiketi yoyote ya mlima, fungua kamera za kileleni. Kila mlima unazo, zinaonyesha hali ya sasa hivi mtandaoni, na hoteli nyingi zina runinga inayozirusha. Bondeni kunaweza kuwa na jua na kileleni mkaona weupe mtupu wa mawingu. Siku ya mvua tulikwenda Verkehrshaus, makumbusho ya usafiri pale Lucerne: vichwa vya treni, ndege, magari, na watoto wanaruhusiwa kushika na kubonyeza. Pale pasi inapunguza kiingilio, haikifuti. Bonde la Lauterbrunnen nalo lina maporomoko ya Trümmelbach, yaliyo ndani ya mwamba, maji ya barafu ya milima ile mitatu yanapita yakinguruma mpaka hamsikilizani. Watoto wa chini ya miaka 4 hawaingii, na ukishaona zile ngazi zilizolowa utaunga mkono.

Chakula ndicho kitakachokumaliza, si usafiri. Mlo mmoja wa mgahawa kwa familia unaweza kukuharibia bajeti ya siku mbili. Chukueni apatimenti zenye jiko na mnunue kwenye maduka ya Coop au Migros. Tafuteni polenta: ni unga wa mahindi wa njano, una chenga kiasi, lakini mama mkwe aliusonga ukakubali, tukala ugali na mchicha wa kizungu huku dirishani kuna maporomoko. Kwa Waislamu, ulizeni kabla ya kuagiza: fondue, ile jibini iliyoyeyushwa, hupikwa na mvinyo mweupe, na soseji ya cervelat ina nguruwe. Watoto wangu walipenda makaroni ya wachungaji, Älplermagronen, yaliyochanganywa na viazi na jibini na kuliwa na rojo la tofaa. Nayo wengine hutia nyama ya nguruwe, mwambieni mhudumu aiache. Maji ya bomba ni safi na ya chemchemi za barabarani pia, isipokuwa palipoandikwa "Kein Trinkwasser", yaani si maji ya kunywa. Jumapili maduka yanafungwa, yaliyobaki wazi ni ya stesheni.

Kwenye apatimenti, ulizeni mapema hela ya usafi wa mwisho na kodi ya wageni. Mwenye nyumba mmoja alitutajia ya usafi siku ya kukabidhi ufunguo, na hapo tayari mabegi yako mlangoni. Mwombeni pia kadi ya mgeni, maana sehemu nyingi inawapa mabasi ya hapo bure.

Viza ni Schengen: euro 90 mtu mzima, euro 45 mtoto wa miaka 6 mpaka 11, chini ya hapo bure. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa watoto wekeni vyeti vya kuzaliwa. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, aandae idhini ya mwenzake. Msingoje shule zifunge ndipo muanze.

Sasa wale wa kijiji kimoja. Ninyi chukueni Half Fare Card. Inadumu mwezi mmoja, inawapa nusu bei kwenye karibu treni, mabasi na meli zote na milima mingi, na Family Card inafanya kazi nayo vilevile, kwa hiyo watoto bado ni bure. Kwa familia inayotoka siku moja na kupumzika mbili, hesabu inaegemea huko. Kati ya hizo mbili kuna Swiss Travel Pass Flex, ambayo siku zake mnazichagua ndani ya mwezi mmoja, lakini bei yake iko juu zaidi, na ukiwa na watoto wanaougua mafua ghafla unaweza kuona inafaa. Sisi tulichukua ya siku nane mfululizo, na siku moja tu ndiyo tuliyobaki ndani kutwa.

Safari ijayo mama mkwe ameshaitaja: reli ya Bernina, ile inayoshuka mpaka Tirano Italia. Treni za kawaida zinapita njia ileile ya Bernina Express, hazidai kiti cha kulipia, na baadhi ya mabehewa yake yana madirisha yanayofunguka. Tutapanda hizo.