Raspberry Pi 4 kwenye mapokezi ya gesti yangu, Mwanga Kigoma

Nina gesti ya vyumba tisa hapa Mwanga, na wageni huuliza yale yale: chumba bei gani, boti za Gombe zinapandiwa wapi, chai inaanza saa ngapi. Binti wa mapokezi alikuwa anajibu mpaka sauti inamkauka. Nikataka runinga ya ukutani imsaidie, ukurasa mmoja ujae kioo kizima, asiguse mtu rimoti. Brauza ya runinga yenyewe ilinishinda. Kila umeme ukirudi, uifungue upya kwa mkono.

Ndipo nikaagiza Raspberry Pi 4 ya RAM GB 2, kikompyuta cha bodi moja unachokichomeka kwenye runinga, ikaja kwa basi kutoka Dar. Ukubwa wake ni kama kitambulisho cha NIDA.

Anayetaka kununua aanze na nyaya. Matundu yake ya picha ni HDMI ndogo kabisa, waya wa kawaida wa runinga hauingii. Nilizunguka maduka ya simu siku nzima nikakosa, nikasubiri basi jingine. Agizeni waya pamoja na bodi. Chaja nayo: nilichomeka ya simu, kikatokea kialama cha radi pembeni ya kioo na ukurasa ukawa unakwama. Bodi hii inataka volti 5 na ampea 3 kamili. Nilipoipatia chaja yake, radi sikuiona tena.

Kuiseti alifanya mpwa wangu jioni moja. Aliweka Raspberry Pi OS, mfumo endeshi wake, kwenye memori kadi, akairuhusu iingie bila nenosiri, akazuia kioo kisijizime. Kisha kwenye faili la autostart, linaloiambia bodi ifungue nini ikiwaka, ndani ya folda la labwc (programu inayopanga madirisha kwenye kioo), akaandika mstari wa kufungua brauza ya Chromium kwa --kiosk, yaani ijaze kioo kizima. "Shangazi, kazime swichi kuu." Nikazima, nikawasha. Ukurasa ukajifungua wenyewe, nikapiga kigelegele! Ila kulikuwa na kidirisha kinauliza kama turudishe kurasa za mwanzo, kwa sababu brauza haikufungwa vizuri. Akaongeza --incognito, ili brauza isikumbuke kurasa zilizopita, kikaondoka.

Ukurasa wenyewe umo ndani ya kadi, si mtandaoni. Hapo ndipo ninapoipendea. Bando likiisha, bei zangu na njia ya kwenda Kibirizi, zinakopandiwa boti za Gombe, bado zinasomeka.

Kilichoniuma ni kadi ya kwanza. Umeme ulikatika mara nyingi mwezi ule, na siku moja bodi ikagoma kuwaka: kadi imeharibika, kazi yote imepotea. Mpwa akaanza upya na kadi nyingine, safari hii akaingia raspi-config, programu ya mipangilio ya bodi, akawasha Overlay File System, ili bodi isiandike chochote kwenye kadi. Umeme umekatika mara nyingi tangu hapo, kadi bado ni nzima. Usumbufu wake ni kwamba nikitaka kubadili bei, lazima nizime ulinzi huo kwanza, la sivyo bei mpya inafutika bodi ikizimwa. Mimi nimekubali, ni heri hivyo.

Siipi nyota tano kwa sababu ya saa. Pi 4 haina betri ya kutunza saa. Inasubiri intaneti iiambie. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi karibu alfajiri, mtandao hakuna. Runinga ikaonyesha saa nane. Mgeni wa kwenda Kasulu aliitazama, akarudi kulala. Mlinzi ndiye aliyemgongea, akaliwahi basi mlango ukifungwa. Niliogopa sana, maana mtu anaamini kilichoandikwa ukutani kwangu. Asubuhi ile ile tukaiondoa saa kwenye ukurasa.

Nyota nne, na mwenye gesti au duka namwambia anunue. Nimeshaagiza kisaa cha DS3231 chenye betri yake, kinachomekwa kwenye pini za bodi. Mpaka kifike na nikijaribu kwa kuzima swichi usiku kucha, hapo ukutani inaning'inia saa ya mshale.