Kununua nyumba The Villages, Florida: MLS au VLS?

Anayetafuta nyumba The Villages, mji wa wastaafu katikati ya Florida, hukutana na jambo ambalo sehemu nyingi za Marekani halipo. Nyumba mbili zinazotazamana kwenye mtaa mmoja zinaweza kuwa sokoni siku moja, na wakala anayekuonyesha moja asiwe na njia ya kukufungulia ya pili. Sababu ni kwamba matangazo yamegawanyika katika mifumo miwili isiyounganishwa.

Wa kwanza ni MLS, daftari la pamoja la mawakala wa kampuni mbalimbali. Kwa eneo hili ni Stellar MLS. Wa pili huitwa VLS, na ni wa Properties of The Villages, kampuni ya mauzo ya mwendelezaji aliyeujenga mji. Wakala wa VLS huuza nyumba mpya zote, pamoja na zile zilizokwisha kukaliwa ambazo wenyewe wamezikabidhi kwa kampuni hiyo. Wakala wa MLS huuza zilizobaki, na nyumba mpya hana. Wapo pia wauzaji wanaojiuzia wenyewe bila wakala, na hao hawamo kwenye mfumo wowote.

Tathmini yetu kwa ufupi: kwa kupima bei, MLS ni bora kwa mbali. Kwa nyumba mpya huna chaguo ila VLS. Kwa nyumba iliyokwisha kukaliwa, anayetumia mfumo mmoja tu ananunua huku amefumba jicho moja, na wengi hawajui kama wamelifumba. Tovuti maarufu za kutafuta nyumba, Zillow na Realtor.com, hulishwa na MLS. Mtu aliyeko Minneapolis au Dallas anaweza kufuatilia matangazo kwenye simu yake miezi sita akiamini ameona soko lote, kumbe nyumba za VLS hazimo. Dawa yake ni rahisi: fungua pia tovuti ya thevillages.com, sehemu ya nyumba, uzifuatilie zote mbili kwa wiki kadhaa kabla ya kupanda ndege.

Nguvu ya MLS ni kumbukumbu. Unaona bei ya kwanza, imeshushwa mara ngapi, na nyumba imekaa sokoni siku ngapi. Hapo kuna mtego. Muuzaji akiondoa tangazo na kulirudisha kwa namba mpya, siku zinaweza kuanza kuhesabiwa upya. Mwombe wakala hesabu ya jumla ya siku, si ya tangazo la sasa peke yake, na orodha ya nyumba za aina hiyo zilizouzwa miezi sita iliyopita ndani ya kijiji kilekile (mji umegawanywa katika vijiji vyenye majina).

Udhaifu wa MLS uko kwenye utafutaji. Mji umetapakaa katika kaunti za Sumter, Lake na Marion, na anwani zake za posta haziandikwi zote “The Villages”. Nyingine zinasoma Lady Lake au Summerfield. Ukitafuta kwa jina la mji utazikosa. Ukipanua utafutaji, utaletewa jumuiya nyingine za wastaafu zilizo jirani, kama Stonecrest na Spruce Creek za Summerfield. Ni jumuiya halali zenye wapenzi wake, lakini hazimo katika The Villages, na huduma zake si za mji huo. Chora mpaka kwenye ramani badala ya kuandika jina, kisha hakikisha tangazo linataja jina la kijiji pamoja na namba za yuniti (sehemu ya kijiji) na kiwanja.

VLS imejengwa kwa lugha ya mji wenyewe. Unachagua kijiji, aina ya nyumba (patio villa, courtyard villa, cottage, designer, premier), na hata ramani ya nyumba kwa jina lake, kama Lantana au Gardenia. Anayejua anachotaka hufika haraka. Mawakala wake wanajua kila njia ya kigari cha gofu. Ila jengo wanalokuonyesha limetoka kwenye rafu ya kampuni yao tu, na kwa kawaida nyumba mpya haina mjadala wa bei. Usitarajie wakwambie kwamba ng'ambo ya barabara kuna nyumba ya ramani ileile kwenye MLS kwa bei nafuu.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaumiza wanunuzi kuliko yote: bondi. Barabara, mifereji na mabomba ya kila sehemu mpya vilijengwa kwa fedha zilizokopwa na wilaya maalumu ya maendeleo, inayoitwa CDD, na deni likagawanywa kwa kila kiwanja. Deni hilo linafuata nyumba, wala halimfuati mtu. Nyumba ikiuzwa, salio linahamia kwa mnunuzi, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Katika vijiji vya zamani nyumba nyingi zimeshamaliza; katika vijiji vipya vya kusini salio ni makumi ya maelfu ya dola.

Chukua mfano. Nyumba ya kwanza inauzwa dola 349,000, bondi imelipwa. Ya pili inauzwa dola 335,000, bondi imebaki dola 28,000. Kwenye orodha iliyopangwa kwa bei, ya pili itatangulia juu na kuonekana rahisi. Kwa kweli inagharimu dola 363,000, na hapo hatujahesabu riba ya miaka iliyobaki. Mifumo yote miwili hupanga kwa bei iliyotangazwa, kwa hiyo tengeneza jedwali lako na upange kwa jumla ya bei na salio la bondi.

Usilichukue salio kutoka kwenye tangazo. Kwenye MLS kuna nafasi ya kuandika malipo ya CDD ya mwaka, na mawakala wa mbali na eneo hili huyachanganya: mmoja ataandika malipo ya mwaka, mwingine salio, mwingine ataacha wazi. Tena ndani ya malipo ya mwaka kuna vitu viwili, marejesho ya bondi na ada ya matengenezo. Bondi huisha, ada ya matengenezo haiishi. Salio la kweli liko ofisi ya wilaya, districtgov.org, na unalitafuta kwa namba za yuniti na kiwanja. Uliza mambo matatu: salio leo, miaka iliyobaki, na kiasi cha kulipa kulimaliza siku ya kufunga mauzo.

Malipo hayo ya mwaka huja ndani ya bili ya kodi ya nyumba, mwezi Novemba. Ukilipa Novemba unapunguziwa asilimia 4, Desemba 3, Januari 2, Februari 1. Juu yake kuna ada ya huduma za starehe ya kila mwezi, inayolipia mabwawa, viwanja na kumbi. Inakaribia dola 200, na kiasi halisi kinategemea hati ya nyumba husika.

Kodi inayoonyeshwa kwenye tangazo nayo haikuhusu. Florida huzuia thamani ya kodi ya makazi ya kudumu isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, kwa hiyo mzee aliyekaa miaka 20 analipa kodi ndogo sana. Nyumba ikibadili mikono, thamani hupimwa upya kwa bei ya soko Januari 1 inayofuata. Tumia kikokotoo cha mthamini wa kaunti, weka bei yako, halafu uwasilishe ombi la msamaha wa kodi kwa makazi ya kudumu (homestead exemption) kabla ya Machi 1.

Kwenye ukubwa, linganisha eneo lenye kiyoyozi na lenye kiyoyozi. Baraza iliyozungushiwa vioo huingizwa katika hesabu na baadhi ya wauzaji, na hapo bei kwa futi inaonekana nzuri bila sababu.

Bima ndiyo huvunja mauzo dakika za mwisho. Kabla ya kutoa ofa, pata mwaka wa paa, kiyoyozi na hita ya maji. Paa likitimiza miaka 15, sheria ya Florida ya 2022 inampa mwenye nyumba haki ya kuleta ukaguzi unaoonyesha limebakiza angalau miaka 5. Bila karatasi hiyo kampuni ya bima inaweza kukataa. Agiza ukaguzi wa vipengele vinne (paa, umeme, mabomba, kiyoyozi) na ule wa uimara dhidi ya upepo, ambao unaweza kupunguza ada ya bima. Nyumba za kabla ya 1995 zikaguliwe kama zina mabomba ya polybutylene, ya plastiki ya kijivu yanayopasuka bila kutoa dalili. Katika sehemu kongwe ya mji kuna nyumba zilizotengenezwa kiwandani. Bei yake inavutia, lakini benki nyingi huzikopesha kwa masharti magumu zaidi.

Kuna karatasi moja ya kusoma mara mbili. Tangu Agosti 17, 2024, wakala wa MLS lazima akusainishe mkataba wa maandishi kabla ya kukutembeza nyumba. Ukisaini mkataba wa kipekee (unaokufunga kwa wakala huyo mmoja) unaohusu eneo zima kwa miezi sita, kisha ukaipenda nyumba ya VLS, unaweza kudaiwa ada na wakala asiyehusika kabisa na mauzo hayo. Omba mkataba wa wiki chache, au wa nyumba zilizotajwa kwa anwani, au uandikwe wazi kwamba nyumba za VLS na nyumba mpya hazimo. Fahamu pia kuwa Florida humchukulia wakala kama mtu wa kati asiyekutetea wewe peke yako, mpaka muandikiane vingine. Hilo ni kweli kwa mifumo yote miwili.

Kwa familia zetu, ambazo bibi huishi na wajukuu, masharti ya umri yaangaliwe kabla ya yote. Katika vijiji vya wastaafu, mwenye umri chini ya miaka 19 haruhusiwi kuishi. Anaweza kutembelea, jumla ya siku 30 kwa mwaka. Kwa kawaida matangazo hayaliweki hilo mbele. Liko ndani ya masharti ya hati, na kila kijiji kina yake. Omba nakala kabla ya kuweka arbuni, kwa sababu baada ya kusaini, kutoyasoma masharti hayo hakutakurudishia fedha yako.