Kutembelea mabwawa ya majumbani Uingereza: kiingilio kinalipa?

Kwa anayetaka kuchimba bwawa nyumbani, kiangazi cha Uingereza hakina shule nafuu kuliko National Garden Scheme. Tangu 1927 mpango huu unafungua bustani za watu binafsi kwa wageni, na fedha za kiingilio huenda kwenye mashirika ya uuguzi na afya. Soma saa kwa makini: bustani nyingi hufunguliwa mchana tu, na mayungiyungi huanza kujifunga jioni ikikaribia. Ingia geti linapofunguliwa. Chai na keki baadaye.

Ukifika, usiishie kupiga picha maua. Kagua ukingo wa maporomoko ya maji yaliyotengenezwa bwawani, maana hapo ndipo mabwawa mengi huvuja: turubai la mpira, lile linalotandikwa chini kuzuia maji yasipotee, likishuka kidogo nyuma ya jiwe, maji hupenya udongoni, na mwenye bwawa huhangaika kutafuta tundu lisilokuwepo. Muulize alikata turubai kiasi gani. Hesabu ni urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za ukingo. Upana vivyo hivyo. Muulize pia kama pampu, inayozungusha maji na kuyaongezea oksijeni, huzimwa usiku. Wanaobana umeme hukuta samaki wakitweta juu ya maji alfajiri, kwa sababu maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na usiku mimea nayo huitumia.

Kasoro: maelezo ya bustani ni mafupi mno. "Bwawa" laweza kuwa la koi, samaki wa mapambo, lenye chujio kubwa, au nusu pipa lenye yungiyungi moja. Na watoto washikwe mkono. Mabwawa mengi hayana uzio.