Kaske za besi nzito kwa bei ya kati: ipi ununue Lubumbashi

Mimi napima besi kwa karindula. Lile banjo kubwa la pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne, likipigwa mtaani Katuba, hapa Lubumbashi, linakugonga kifuani kabla hujajua ni wimbo gani. Hakuna hedifoni (kaske, kama tunavyosema huku) itakayokugonga hivyo, ila kuna zinazokaribia bila kukumaliza mfuko.

Kabla ya chapa, angalia zinavyokaa. Besi ndiyo sauti inayovuja upesi kuliko zote mto laini wa kaske usipolizunguka sikio vizuri. Ukiwa dukani, vaa, weka sebene unayoijua gita lake la besi, kisha kandamiza vikombe vyote viwili kwa vidole. Mdundo ukinenepa ghafla, ujue kuna mwanya; omba nyingine. Mwenye miwani au aliyesuka nywele nene ajaribu mara mbili, kwa maana mkono wa miwani tu unatosha kuuinua mto. Ndiyo sababu nimeziacha nje zile zinazokalia juu ya sikio, mfano JBL Tune 510BT. Ni nyepesi, chaji inakaa saa 40, lakini ndani ya taksi-basi besi yake huisikii.

Ya kwanza kwangu ni Soundcore Life Q30. Ilitoka 2020 kwa dola 80 hivi, na inazima kelele za nje. Watu wengi hudhani hiyo ni anasa. Sivyo. Mngurumo wa jenereta ni sauti ya chini, unakaa palepale besi inapokaa na kuifunika, nawe unapandisha sauti mpaka masikio yanauma. Kuzima kelele hufanya kazi vizuri zaidi kwa mngurumo wa namna hiyo hiyo. Ukiutoa, besi inarudi na sauti inabaki chini. Chaji ni saa 40 ukiwa umewasha kizima kelele, jambo kubwa mtaani ambako umeme hukatika siku nzima. Kasoro: ikitoka kwenye boksi, besi inammeza mwimbaji. Ingia kwenye programu yake ya simu, punguza kidogo.

Ya pili, Sony WH-XB910N ya 2021. Besi yake ni nzito kuliko ya Q30, na kwenye programu kuna kidhibiti cha besi peke yake. Ningeiweka juu, lakini ilianza kwa dola 250, kwa hiyo inunue ikiwa imeshuka bei au imetumika. Iliyotumika, pitisha kidole kwenye mito: ngozi ikibanduka vipande, besi nayo imeshatoka.

Skullcandy Crusher Evo ni ya mwenye kiu kweli. Ina kitelezi kwenye kikombe cha kushoto. Ukikisogeza, vikombe vinatetemeka na unauhisi mdundo kwenye ngozi. Kwa ngoma inafurahisha sana. Kwa rumba ya taratibu inachosha, nami hukirudisha chini baada ya nyimbo mbili. Haizimi kelele, ndiyo maana ni ya tatu.

Sasa za bandia. Niliwahi kununua moja sokoni, boksi zuri, jina limeandikwa sawasawa. Wiki ya pili kikombe kimoja kikanyamaza. Nilipokifungua nikakuta spika ndogo kama sarafu, mahali ambapo boksi liliandika milimita 40, na kipande cha chuma kimegundishwa pembeni kuongeza uzito. Iliniuma, maana nilikuwa nimeweka akiba miezi mitatu. Tangu hapo naenda na programu ya mtengenezaji ikiwa tayari kwenye simu. Nawasha kaske, naunganisha mbele ya muuzaji. Programu isipoitambua, silipi. Muuzaji akikataa boksi lisifunguliwe, naaga na kwenda duka la pili.