TAHADHARI wana Arusha na Moshi: kuna jamaa anauza "Brembo" za kupaka rangi

Wadau, kabla hujamtumia mtu hela ya Brembo, zile breki kubwa za Subaru STI, ile Impreza ya mbio, soma hapa kwanza. Nimekaa na hili jambo kwa aibu, nilikuwa sitaki hata nyumbani wajue, lakini baada ya yaliyonikuta mteremko wa Marangu nikiwa na mama ndani ya gari, siwezi kunyamaza. Huyu jamaa ataua mtu.

Subaru Impreza yangu wengi mnaijua, na mnajua nilivyohangaika na breki tangu ile safari ya Lushoto, sirudii. Nilikuwa natafuta kalipa, yaani vile vyuma vinavyobana diski ya breki, za Brembo zilizotoka kwenye STI, zile za dhahabu, pistoni nne kwa mbele. Mpya siziwezi, kwa hiyo kama wengi wetu nikawa nasubiri za mtumba kutoka Japani. Jamaa nilielekezwa na mtu ninayemheshimu, ambaye alinunua injini kwake na mpaka leo haijamsumbua. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia eti nilimwokota mtandaoni. Sikumwokota. Niliuliza, nikaambiwa ni mtu safi, nikaenda mwenyewe kwa miguu yangu mpaka stoo yake, ndani ndani huko Unga Limited.

Nilikuta amezitandika juu ya gunia, diski pembeni. Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya taa, akaifuta moja taratibu mpaka maandishi yakang'aa. Akawasha tochi ya simu. "Gusa, chalii yangu. Soma mwenyewe." Nikasoma: BREMBO, herufi nyeusi juu ya dhahabu. Akafungua picha kwenye simu, nusu gari limetoka Japani, kibati cha chesisi kinasomeka GDB kabisa, namba ya STI, na kalipa zilizofungwa pale ni za dhahabu hivyo hivyo. Akanionyesha mipira ya pistoni, haina hata ufa. Nikamwomba apunguze bei, akagoma. Akasema nikitaka vya bei chee nikatafute kwingine, yeye hauzi takataka. Mtu anayetaka kukuibia si angekupunguzia haraka uondoke? Ndivyo nilivyowaza, na nadhani ndivyo yeyote angewaza. Mara akaingia kijana, akauliza bei, akasema anazibeba sasa hivi, hela anayo. Leo naamini yule kijana alikuwa mtu wake.

Na hili nalisema kwa sauti: swali la rimu nililiuliza. Nilimwambia rimu zangu ni saizi 16, zitaingia? Akacheka, akasema habari za rimu 17 ni maneno ya wauza rimu, hizi ni toleo la Japani, zinakaa ndani ya 16 bila kugusa. Fundi wake alikuwepo hapo hapo, akazifunga bure, gurudumu likazunguka vizuri, hakuna linapokwaruza. Nimeona kwa macho yangu, ningebisha nini? Nikatoa 1,800,000 kwa simu, na ya kutolea juu. Akaniambia lolote likitokea ndani ya mwezi nirudishe, hela yangu ipo.

Jumamosi nikampeleka mama msibani Marangu. Kupanda hakuna shida. Kurudi, mnaijua ile barabara, kutoka Marangu Mtoni kwenda Himo ni kushuka tu. Pedali ikaanza kuwa laini. Kona mbili mbele ikazama mpaka chini. Nikapampu, hakuna kitu. Nikarudisha gia ya pili, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo, likajisugua pale kwenye migomba mpaka likasimama. Mama hakusema neno. Alikuwa ameng'ang'ania mkono wa mlango kwa mikono yote miwili, akatazama mbele hivyo hivyo hata gari lilipokwisha kusimama.

Gurudumu la mbele lilikuwa linafuka moshi. Nikachungulia. Ile rangi ya dhahabu imetoka malengelenge, na herufi za BREMBO zimejikunja kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Ilikuwa stika! Chini yake puti, chini ya puti mikwaruzo ya grainda, na katikati ya mikwaruzo bado zinasomeka herufi mbili za mwisho, R na U. Wamechukua kalipa za kawaida za Subaru za pistoni nne, wakasaga jina la SUBARU, wakajaza puti, wakapuliza rangi. Kalipa zile wala si mbaya, zikiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake. Huu ulikuwa wizi uliopangwa kwa grainda na brashi.

Fundi wangu wa Moshi alipofungua akakuta pedi hazina alama yoyote, na moja imeanza kuachia bati lake. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango kinashuka mpaka 155, na hapo nikakumbuka fundi wa yule jamaa alimimina kutoka kwenye kichupa kilichokuwa wazi tayari. Fundi wangu akaniambia kwa mizunguko yangu ya barabarani, pedi za maana, mafuta mapya ya breki na matairi mazuri vingenitosha, kalipa kubwa faida yake ni kuhimili joto. Sawa, lakini hilo ni la siku nyingine.

Nilimpigia jamaa. Kwanza akasema sijui kuendesha milimani. Halafu akasema nilinunua nikiwa na macho yangu. Halafu akaniblock.

Mtaniuliza dalili za Brembo feki. Pima diski kwa tepu: Brembo za STI kwa mbele ni milimita 326 na unene 30. Nilizouziwa mimi ni 294 kwa 24, ndiyo maana zilikaa ndani ya rimu 16, maana Brembo zenyewe zinadai 17. Ukiambiwa ni mpya kwenye boksi, zile za kiwango cha juu kampuni inaweka kadi yenye namba ya kukwangua, unaihakiki kwenye tovuti yao. Fundi wa bure mkatae, nenda na wako. Lakini kwa nini mteja ndiye atembee na tepu wakati mwizi anakaa stoo anakunywa chai? Huyu anatakiwa ndani. Kujipatia mali kwa udanganyifu kifungo chake kinafika miaka 7 na mimi nataka yote saba. Tume ya Ushindani wakamate kila kilichomo mle na kukiteketeza hadharani. Yule fundi wake naye, aliyefunga huku anajua, asiguse gari la mtu tena maisha yake. Na kijana wa "nazibeba sasa hivi" aunganishwe. Hakuna cha kusuluhishana, wala asinitumie wazee.

RB ya polisi ninayo. Jina lake na namba siweki hapa, aliyenunua kwake aje inboksi. Jumatatu saa tatu asubuhi tunakutana nje ya kituo kikuu cha polisi Arusha. Njoo na meseji ya muamala na picha za kalipa. Na kama bado zimefungwa kwenye gari lako, liache nyumbani, panda daladala.