Kifurushi cha kufungia inzi wa trauti: jiliwa safi, shanga za uongo

Miezi mitatu sasa nakitumia, hapa Tabata, kwenye meza ya chakula watoto wakishalala. Najua, Dar hakuna trauti. Samaki yule anataka maji baridi yanayokimbia, sisi huku ni changu na kolekole. Ila mke wangu kwao Nyeri, na kila Desemba shemeji hunipeleka mto Sagana. Inzi wa dukani, yaani vidudu bandia vya kuvulia vinavyofungwa juu ya ndoana, walikuwa wananiishia kwenye mawe, nikaona bora nifunge wangu.

Nililipa 145,000 mtandaoni, bodaboda akaleta kesho yake. Ndani kuna jiliwa dogo, mkasi, uzi, ndoana 50 za namba 14, manyoya ya mkia wa ndege fezanti, waya wa shaba na shanga 40 zilizoandikwa "tangsteni", metali nzito sana.

Jiliwa sina neno nalo. Likishabana ndoana haichezi, hata uvute uzi kwa hasira. Mkasi wa kawaida tu. Ndoana ni kali, lakini pakiti niliyoisahau wazi karibu na dirisha ilishika kutu kabla wiki mbili hazijaisha. Hewa yetu hii!

Nimfu ni mdudu mchanga wa majini ambaye hajaota mbawa. Ile ya bandia ya manyoya haya ilibuniwa na Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Uingereza. Yeye hakutumia uzi kabisa. Waya wa shaba ndio ulifunga na ndio ulitia uzito. Mimi nafunga ile iliyoboreshwa: shanga kichwani, manyoya nayazungushia tumbo, halafu waya unapita juu yake kwa kuzunguka upande wa pili. Bila hivyo, vijino vya trauti vinayakata manyoya baada ya samaki wawili watatu. Waya wa kifurushi ni mnene, mdudu anatoka na kitambi. Fundi wa kusuka mota pale Gerezani alinikatia mwembamba kama unywele, bure, akacheka mpaka akakaa chini nilipomwambia wa nini.

Sasa shanga. Nimfu zangu zilizama taratibu mno kwenye ndoo. Nikazipeleka kwa sonara, tukapima 20: gramu 2 kasoro. Ishirini za shemeji, ukubwa uleule, zilipita 4. Tangsteni ni nzito zaidi ya mara mbili ya shaba nyeupe ya kawaida, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo mkononi. Trauti hula sana karibu na sakafu ya mto. Kwenye maji ya kasi shanga nyepesi inapitishwa juu ya kichwa chake.

Muuzaji nilipomlalamikia alijibu: "Boss, si zinazama lakini?"

Nimempa nyota tatu, zote za jiliwa na ndoana. Ukimkuta anauza jiliwa peke yake, chukua. Shanga nimemwagiza shemeji.